Meza Ndefu za Karibuni

Kabla hajawa mwenye mgahawa wa uwanja wa ndege, Karibuni alikuwa mtu wa kupima viuno vya watu. Yeye na mdogo wake wa kike walikuwa na chumba cha ushonaji mbele ya nyumba waliyoachiwa na mama yao, na kazi waligawana hivi: mdogo mtu, ambaye mtaa mzima tulimwita Fundi, alishona, Karibuni alipima, akapokea, akaongea. Kushona kwenyewe alikuwa hawezi. Umpe suruali apinde, mguu mmoja unatoka wa mtu mzima, mwingine wa mtoto. Lakini mdomo! Unapita barabarani na shida zako, unasikia, "Karibuni jamani, mbona mnapita kama hamtujui?" Nawe uko peke yako. Ndiyo jina likamganda.

Mimi nilikuwa na nafasi yangu kwenye benchi la pale, karibu na mlango, unapoweza kuona barabara yote. Waliniita Redio, wala sikununa. Kulikuwa na watu walioleta kifungo kimoja asubuhi wakaondoka jioni. Pale ndipo tulipojua nani kaachwa, nani karudiwa, nani anajenga kwa hela za nani. Fundi alikuwa kainamisha kichwa, mguu kwenye kanyagio, hasemi neno. Ila ukichomeka uongo kwenye hadithi yako, cherehani ilisimama kidogo, halafu ikaendelea. Tulicheka mpaka machozi.

Mambo ya mgahawa yaliingia siku tuliyomsindikiza binti wa kinyozi, aliyekuwa anakwenda kuolewa nje. Anasafiri mmoja, tumekwenda mtaa mzima. Tukasimama nje ya jengo la uwanja tangu mchana, jua linatuchoma, maji yamekwisha, watoto wanalia, na huku na huku familia nyingine zimejaa vilevile, zimekaa kwenye ukingo wa barabara kama watu waliohamishwa. Hakuna hata pa kununua kikombe cha chai.

"Redio," Karibuni akaniambia, "unaona ninachokiona?"

"Naona watu wana njaa."

"Basi umeona. Anasafiri mmoja, wanakuja ishirini. Na hawaondoki mpaka ndege ipae! Hawa ndio watu wangu, shoga. Watu wa kukaa."

Wakati huo lilikuwa linajengwa jengo jipya la abiria, na wapangaji walikuwa wanatafutwa. Karibuni hakuwahi kuuza hata andazi, lakini alikuwa amewalisha watu maisha yake yote, na kwake kulisha na kuuza chakula vilikuwa kitu kimoja. Akapeleka maombi, akaitwa kuonyeshwa chumba. Nikaongozana naye. Walituvisha kofia za plastiki, tukapandishwa ghorofani na msimamizi wa jengo, bwana mmoja mpole mwenye tai iliyomkaba. Chumba kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo, na chini yake unauona uwanja wote magari yanaposhusha watu.

"Wote wale wataniona," alisema Karibuni, kaweka viganja kwenye kioo.

"Watakuona, mama," msimamizi akajibu.

Karibuni akauliza maji yanatoka saa zote? Choo kiko upande gani? Paa linavuja? Msimamizi akajibu yote kwa heshima. Wakati wa kutoka tulipita mashine kubwa zimefunikwa nailoni, zimejipanga kwenye ukumbi. Tukazipita kama unavyopita makabati ya mtu. Aliyewahi kuuza hata pipi kwenye uwanja wa ndege angesimama akauliza, hizi zitakaa hapa? Sisi tulikuwa tumeshauliza choo.

Kilichobaki kilikuwa mtaji, na mtaji ulikuwa umekaa mbele yetu ukinguruma kila siku. Cherehani zote zilikuwa za urithi, za wote wawili. Nilikuwepo kwenye benchi Karibuni alipolisema lile jambo la kuziuza, na Fundi akainua kichwa.

"Dada, mimi najua kushona tu."

"Kwani nani kakukataza? Tutanunua nyingine, mpya, za umeme. Mwaka hautaisha hatujazinunua. Huku tunapata nini? Watu wanakuja kupoteza muda."

"Wanakuja kwako. Wakifika kwako wanakumbuka wana nguo ya kushona."

"Ndiyo ninayosema! Watu wanakuja kwangu. Basi watanifuata na kule."

Fundi akavuta uzi, akaukata kwa ule mkasi mweusi wa mama yao, mzito, ambao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. "Na ikishindikana?"

"Ikishindikana mimi mjinga. Unitukane mbele ya mtaa mzima, Redio shahidi."

"Sitakutukana, dada. Nitaondoka."

Karibuni akacheka. "Uende wapi wewe, hata sokoni unaogopa kuvuka barabara!" Na sisi wa benchi tukacheka naye. Cherehani haikuendelea siku ile. Wiki ile wanunuzi wakaja kuzibeba. Fundi alibaki na mkasi, na kesho yake akaenda kuomba kazi kwa mshonaji wa sare za shule, kiwanda kidogo cha nyuma ya stendi, akae kwenye cherehani ya mtu.

Karibuni alinunua meza ndefu, kila moja ya kukalisha ukoo. Viti hakutaka, alitaka mabenchi. "Kiti kinamtenga mtu," alisema. Akanunua masufuria ya kupikia msiba. Mimi akanichukua niwe mhudumu, na nikajiona nimefika. Nikapigwa picha, nikavaa kitambulisho shingoni, nikapita mtaani nacho hata siku za mapumziko.

Siku jengo lilipofunguliwa tulikuta zile mashine zimevuliwa nailoni.

Walikuwa wamekaa askari pembeni yake. Anayesafiri anaonyesha tiketi, anavua mkanda, anaweka mfuko, anapita. Asiyesafiri anabaki huko nje. Na mgahawa wetu ulikuwa upande huu, wa waliopita. Karibuni alisimama katikati ya meza zake, aproni mpya kiunoni, anatazama kule kwenye mlango wa ukaguzi jinsi mama anavyokumbatiwa, shangazi anavyolia, watoto wanavyovutwa mikono. Kisha anatoka mmoja, anapita peke yake, macho mekundu.

Akamfuata msimamizi. Nilikwenda naye.

"Bwana, watu wangu wako nje."

"Watu gani, mama?"

"Wasindikizaji!"

"Wasindikizaji hawaruhusiwi kupita ukaguzi. Duniani kote ni hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

Yule bwana alimwangalia kwa mshangao wa kweli, hakuwa mtu mbaya. "Mama, wewe uliomba mgahawa wa abiria. Nilijua unajua."

Karibuni akauliza kama kuna chumba cha nje, upande wa chini. Hakikuwepo. Na mkataba ulikuwa umesainiwa: mlango usifungwe maadamu kuna ndege ya kuondoka.

Tukajaribu. Nani atasema hatukujaribu? Gesi ilikatazwa, tukapikia umeme. Kila gunia la viazi lilipitishwa kwenye mashine kama linasafiri. Kisu cha jikoni kilikuwa kimefungwa mnyororo ukutani, ukikata nyama lazima uusogelee mnyororo kama mfungwa. Yote hayo tungeyazoea. Tulichoshindwa kuzoea ni jibu. Abiria akitokea, Karibuni yuko mlangoni, mikono wazi: "Karibuni, karibuni, ukae ule mwanangu, safari ndefu!" Na abiria, kwa adabu, mkono kifuani: "Asante mama, nimeshakula nyumbani."

Wote! Anayesafiri huwa kalishwa na mama yake, kalishwa na shangazi, kafungiwa na cha njiani. Sisi wenyewe tulimlisha binti wa kinyozi mpaka akashindwa kufunga zipu. Tulikuwa tunalijua hilo kuliko mtu yeyote, na hatukulijua.

Wachache waliokaa walikaa mmoja kwenye meza ya watu kumi na wawili, mkoba kwenye mapaja, jicho kwenye ubao wa ndege. Karibuni alikuwa anajibanza kando yao kwenye benchi na kuanza: kwenu wapi, una watoto, na huyo mume mnaelewana? Walikuwa wanasogea. Mzee mmoja tu ndiye aliyemjibu, mfanyabiashara wa vipuri mwenye hadithi za wake zake wawili. Walicheka hao! Nikaona Karibuni wa zamani amerudi, mpaka nikaweka kitambaa chini na kukaa kusikiliza. Ndege ikaondoka bila yule mzee. Alitutukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata mtaani kwetu, na msimamizi akaja kutuonya.

Kwenye kioo, chini, tulikuwa tunawaona watu wa Karibuni kila siku. Wamejaa. Mwanamke mmoja mwenye chupa za chai na beseni la mayai alikuwa anazunguka katikati yao, na hakuna siku aliyorudi na kitu. Karibuni alimjua mwendo, alimjua kanga zake zote. "Leo kachelewa," alikuwa anasema, kama anamzungumzia ndugu.

Mtaani, chumba cha mbele kilifungwa. Benchi liliingizwa ndani, mvua zilianza. Ukipita pale jioni unasikia ukimya, na watu walianza kwenda kukaa kwa kinyozi. Karibuni alikuwa anatoka alfajiri na kurudi amechoka, anamkuta Fundi naye amerudi kwenye sare zake, macho yamevimba. Mwaka ukaisha. Cherehani ya umeme haikutajwa na yeyote. Walikuwa wanaambiana "maji yapo", "mlango umefunga?", basi.

Habari za safari ya Fundi nilizipata mimi kwanza, kwa mke wa kinyozi, na ni mimi niliyemwambia Karibuni. Kiwanda cha nguo, nchi ya mbali, mkataba mrefu. Alikuwa anaosha sufuria ambalo halikuwa limepikiwa.

"Kakwambia nani?"

"Mtaa mzima unajua."

Akaendelea kuosha. "Mimi ndiye wa mwisho," akasema. "Mimi."

Siku ya safari kulipikwa kwao, nje, kuanzia asubuhi. Majirani wote walikuwepo isipokuwa sisi wawili, kwa sababu kulikuwa na ndege na mlango haufungwi. Karibuni alimwomba msimamizi ruhusa, msimamizi akamkumbusha mkataba. Basi akapika pale pale. Wali, nyama, mayai, vyote, kama wanakuja watu. Akaenda kwenye kioo na hakubanduka.

Walifika mchana. Nilimjua kinyozi kwa kipara chake, nikamjua mkewe, nikawajua wote wa benchi letu. Walimzunguka Fundi, wakamkumbatia mmoja mmoja. Yule mama wa chai akawasogelea, na wakamnunulia.

Fundi alipotokea upande wetu, alikuwa anatembea haraka, uso umemkauka. Akaja akakaa mwisho wa meza ndefu. Karibuni akamwekea sahani mbele yake, imejaa mpaka ukingoni.

"Nimeshakula nyumbani, dada."

"Kidogo tu. Kwa ajili yangu."

"Nimeshiba. Wamenilisha wote." Kisha akafungua mkoba, akaufunga tena. "Wamechukua mkasi."

"Mkasi gani?"

"Wa mama. Walisema kitu chenye ncha hakipandi kwenye ndege na mtu. Ungekuwa kwenye begi kubwa ungepita." Alimwangalia dada yake sasa, kwa mara ya kwanza. "Sikujua. Wewe ulikuwa unajua."

Kweli alikuwa anajua. Mwaka mzima na kisu cha mnyororo, angekosaje kujua? Neno moja tu jioni moja pale nyumbani lingetosha, lakini yalikuwa yamebaki maji na mlango.

Karibuni alitoka mbio na aproni yake. Nilimwona kule kwenye mashine akimsihi askari, anaonyesha kitambulisho chake, anaonyesha kwa vidole ukubwa wa mkasi, anapiga kifua. Askari alimwonyesha sanduku la chuma lenye tundu juu. Kikiingia, hakitoki. Alirudi polepole.

Fundi alikuwa amesimama, kwa sababu ndege yake ilikuwa imeitwa. Alikuwa ameikunja vizuri kona ya kitambaa cha meza pale uzi ulipoachia, akaibana kwa kijiko.

"Hakupata mtu wa kumshonea hii?" akaniuliza mimi.

"Nani amshonee," nikasema.

Akamshika dada yake mkono, si kumkumbatia, mkono tu, kama unavyoagana na mteja. "Kaa salama, dada." Akaenda, na kwenye mlango wa ndege hakugeuka.

Karibuni alikwenda kwenye kioo. Chini, mtaa wetu wote bado ulikuwepo, hauondoki mpaka ndege ipae. Mke wa kinyozi akanyoosha kidole juu, kwetu. Wakageuka wote, wakaanza kupunga, wakaruka, mtu akavua shati akalipeperusha. Kutoka kule chini kioo kinang'aa. Unachoona ni umbo la mwanamke tu, na wale dada wawili walikuwa na umbo moja.

Karibuni akainua mkono.

"Wanadhani ni Fundi," nikamwambia.

"Najua. Nyamaza."

Akaendelea kuwapungia.