Mkono wa Gia

Mmanga alipopata kiharusi, kitu cha kwanza alichokiulizia baada ya ulimi kufunguka kilikuwa gari lake. Ndugu waliokuja kumtazama hospitali walicheka kwa kufarijika, maana walijua huyu bado ni Mmanga yule yule.

Lilikuwa gari dogo la spoti, la Kiingereza, lenye viti viwili tu, rangi yake ya kijani imepauka kwa jua, na paa lake la turubali panya walishalimaliza zamani. Alilinunua mwishoni mwa miaka ya sabini kwa familia moja ya Shangani iliyokuwa ikihama. Injini ilikuwa imekufa. Akalifufua mwenyewe, kipande kwa kipande, jioni baada ya kazi, na tangu hapo likakaa naye uani kwake Kiembe Samaki muda mrefu kuliko mtu yeyote. Mkewe alifariki, watoto wa jirani wakakua wakahama, gari likabaki.

Sasa upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Mguu alikuwa akiuburura kwa mkongojo, na mkono ulining'inia kama si wake. Mdogo wake, Bi Mardhiya, mwalimu mstaafu wa jiografia na mjane mwenzake, alihamia pale kumuuguza. Kila asubuhi alimkuta kaka yake amekaa kwenye kiti cha ukindu akilitazama gari.

Ijumaa moja Rahila, binti pekee wa Mmanga anayefanya kazi Dar es Salaam, akaja kwa boti ya asubuhi, uso umemchangamka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka peke yako?"

"Nimempatia baba dawa. Wakil, yule fundi wa Jang'ombe, amepata injini na gia boksi za kigari cha Kijapani, za oto. Tunatoa hizo za zamani, tunatia hizi. Hakuna klachi, hakuna kubadilisha gia. Na usukani tunautia mashine, uwe mwepesi, ataugeuza kwa mkono mmoja. Baba ataendesha tena!"

Mmanga alinyanyua kichwa. Bi Mardhiya hakuwa amemwona na macho yale tangu augue.

"Ntaendesha mwenyewe?" akauliza, maneno yakimtoka mazito.

"Wewe mwenyewe, baba. Peke yako."

"Basi na afanye."

Bi Mardhiya aliingia jikoni, akasimama mbele ya jiko bila kukumbuka alichofuata. Angesema nini? Mtoto amehangaika kwa mapenzi, na mgonjwa amefurahi. Lakini moyo ulimwuma kama aliyesikia kwamba nyumba waliyozaliwa inavunjwa.

Kwa sababu gari lile ndilo alilojifunzia. Alikuwa msichana wa chuo cha ualimu, na Mmanga alimchukua barabara ya uwanja wa ndege wakati hakuna ndege inayotua, akamwambia avue viatu. "Usikanyage kwa kiatu. Kanyaga kwa mguu, uisikie klachi inapouma." Kiti kilikuwa chini mno hata alihisi amekaa juu ya lami yenyewe. Usukani ulikuwa mwembamba, wa mbao, na kila kijiwe cha barabara kilimfikia viganjani. Mara ya kwanza aliogopa, akadhani gari limeharibika. Mmanga akacheka. "Linakupa khabari ya njia. Lisikilize. Magari makubwa yanakuficha."

Halikuwa na mbio. Lori lililobeba karafuu lilikuwa likiwapita kwenye njia nyoofu, na utingo akiwapungia mkono. Lakini kwenye kona! Ulikuwa ukiligusa kidogo tu, nalo limeshaingia, jepesi, halisiti, kama linajua unakotaka kwenda kabla hujamaliza kuamua. Na injini yake ilikuwa na sauti ya kuimba puani, ikipanda na kushuka, hata ukajua wakati wa kubadilisha gia bila kutazama saa yoyote ya dashibodi. Mafuta yalikuwa ya shida siku zile. Wakipata kidogo, walikwenda Kidichi, wakapanda mpaka juu, kisha wakazima injini na kuteremka kimya kimya, upepo masikioni, wakicheka kama wendawazimu. Watu walisema. Mtoto wa kike, kichwa wazi ndani ya gari wazi! Mama yao alisikia, akamfungia mtandio mwenyewe kwa pini mbili na kumwambia, "Nenda, lakini usije ukaruka."

Jioni ile Bi Mardhiya alirudi uani.

"Kaka, kabla Wakil hajalifungua, nipe asubuhi moja. Twende Kidichi."

"Wewe? Hujashika gia miaka mingapi?"

"Mingi. Twende hivyo hivyo."

Wakil akaja, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na betri, akalitia mafuta mapya. Gari likakohoa, likatoa moshi, likakataa, halafu likaitika. Mmanga aliinamisha kichwa pembeni akilisikiliza. "Silinda ya tatu inachelewa," akasema. Wakil akairekebisha.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, Rahila na Wakil walimsaidia Mmanga kuketi kiti cha kushoto, wakamfunga mkanda. Bi Mardhiya akavua viatu, akaviweka nyuma ya kiti. Magoti yalimlalamikia kwa kushuka chini kiasi kile. Akatia gia ya kwanza, wakatoka.

Mpaka Kilimani mambo yalikwenda salama. Barabara ilikuwa tupu, na bahari upande wa kushoto haijapata rangi. Walipopita Mnazi Mmoja na kukunja kuelekea Darajani, wauza mikate walisimama kutazama. Mzee mmoja wa baiskeli alipiga kengele, akapaza sauti, "Mmanga! Bado lipo?" Mmanga akanyanyua mkono wake mzima.

Shida ilianza Mtoni. Mbele kulikuwa na ng'ombe anavuka, Bi Mardhiya akapunguza, akataka kurudi gia ya pili, na gia ikakataa. Ikasaga kwa mlio wa kutia meno ganzi. Bega lake la kushoto, lililokuwa na baridi yabisi, likashindwa kusukuma. Akajaribu tena. Ikasaga tena. Nyuma yao gari la abiria likapiga honi.

"Nimeliua, kaka! Nimeliua!"

"Kanyaga klachi," Mmanga akasema.

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga mpaka chini. Toa mkono."

Akautoa mkono wake. Na mkono wa kulia wa Mmanga, ule mzima, uliokuwa umelala juu ya paja lake kando kabisa ya kijiti cha gia, ukakishika, ukakivuta nyuma taratibu, tak, kikaingia.

Bi Mardhiya akaachia klachi, gari likasogea. Injini ikapanda sauti. Mmanga alinyanyua kidevu tu, naye Bi Mardhiya akakanyaga klachi. Gia ya tatu ikaingia kama kisu kwenye samli. Ikafuata ya nne. Walipofika Bububu hawakuwa wakiambiana tena. Waliisikiliza injini wote wawili, mguu wake na mkono wa kaka yake vikaenda pamoja.

Walikunja kulia kuingia Kidichi. Njia ilianza kupanda na kujipinda kati ya mikarafuu, ukungu ungali chini ya miti, harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini ikiwaingia moja kwa moja kwa kuwa hakuna kioo cha kuizuia. Kona ya kwanza aliiogopa. Ya pili aliishika vizuri. Ya tatu usukani ulimwambia kila kitu, mchanga uliomwagika, tope la pembeni, mahali lami ilipopasuka, na gari likazunguka jepesi kama zamani. Alisikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, akatanabahi kuwa ni yeye.

Juu alisimamisha. Mmanga alikuwa akilia waziwazi, upande mmoja wa mdomo ukicheka na mwingine ukishindwa kufuata.

"Mwambie Wakil asilifungue," akasema.

"Utamwambia Rahila mwenyewe. Mimi simo."

Rahila aliwasubiri barazani na chai. Aliposikia, aliweka birika chini kwa nguvu.

"Baba! Injini nshaitafuta Dar nzima mpaka Wakil akaipata. Ulikubali mwenyewe. Au hutaki kuendesha tena?"

"Nataka, mwanangu."

"Sasa?"

Mmanga alichukua muda kuyapanga maneno. "Umetaka nikae peke yangu kwenye usukani. Ahsante. Lakini tangu mama yako aondoke, peke yangu nimeshakaa kutosha. Leo nimeendesha na mtu."

Rahila alitazama pembeni. Alitaka kukasirika zaidi, Bi Mardhiya aliliona hilo, lakini hasira ilikosa pa kushika. Akamimina chai, akanywa ya kwake yote.

Kisha akauliza, akiwa bado hamtazami baba yake, "Hiyo klachi ni ngumu?"

"Vua viatu," Mmanga akasema.

Bi Mardhiya alibaki kwenye lango wakati Rahila na baba yake wanatoka. Viti vilikuwa viwili tu, hapakuwa na pa kwenda yeye. Gari liliruka mara mbili kama mbuzi, likazima, likawashwa, likaondoka. Alilisikiliza likishika barabara ya uwanja wa ndege. Gia ilisaga vibaya, naye akakunja uso. Kimya. Halafu sauti ikapanda, ikakatika sekunde moja, ikashuka laini, na kuanza kupanda upya kuelekea mjini.

Alijihisi mpweke na alijihisi ameshiba, vyote kwa pamoja. Nyayo zake zilikuwa bado peku, nyeusi kwa vumbi la klachi. Hakuziosha mpaka alipotia udhu wa adhuhuri.