Wageni wa Venance

Eufrasia alirudi nyumbani Ifakara Jumamosi mchana kuchukua chumvi na chandarua. Tangu mpunga uanze kuchanua, yeye na mumewe walikuwa wakiishi kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia shamba, huko Namawala, wakiamia ndege wasile mpunga, na mtoto wao Venance, wa kidato cha pili, alibaki peke yake kulinda nyumba na kusoma. Ndivyo wafanyavyo wengi bondeni kila msimu, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao juu ya jambo hilo.

Sebuleni alikuta vijana wameketi mkekani na mwanawe. Waliinuka wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ninyi watoto wa nani?"

Walijitambulisha kwa adabu. Mwembamba mwenye kikohozi alikuwa Sigara. Aliyenuka ndizi zilizochacha alikuwa Gongo. Kukesha, mwenye macho mekundu, hakuweka simu chini hata alipompa mkono. Chipsi alikuwa mnene na mchangamfu. Wa mwisho, Utoro, alivaa sare ya shule safi kabisa, maana ilikuwa haijafika shule.

Eufrasia aliwapikia. Alipokuwa akipakua aliona shati linavyomning'inia Venance, na moyo ukamuuma hadi akamwaga mchuzi. Akauliza nani alitangulia kuja. Sigara alisema aliletwa na Gongo. Gongo aliitwa na Kukesha, kwa kuwa usiku ulikuwa mrefu. Kukesha alimtaja Utoro, na Utoro akamtaja Sigara. Chipsi hakukumbuka, yeye alikuta mlango wazi.

Jioni alimshika Sigara mkono, akamtoa nje na kufunga komeo. Wenzake hawakubishana naye. Gongo alifungua dirisha, Kukesha akamvuta mwenzake ndani, na Utoro akampangusa vumbi.

"Mama, hawa hawatoki mmoja mmoja," alisema Venance kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

"Sasa watatoka lini?"

Utoro ndiye aliyejibu, macho chini. "Mtu mzima akiwepo nyumbani, mama, huwa tunaaga wenyewe."

Eufrasia alikaa kitako. Mpunga ulikuwa unatia maziwa, na ndege wa kwelea kwelea walishatua shamba la jirani. Mumewe peke yake asingeweza kuamia pande zote, na mpunga ukiliwa hakuna chakula wala daftari za Venance. Alilia, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaenda kutafuta chandarua, na Kukesha akammulikia kwa simu.

Asubuhi aliwaachia mchele wa kuwatosha wote. Bodaboda ilipofika walimbebea mzigo hadi barabarani, kisha wakarudi kusimama mlangoni, bega kwa bega. Alipogeuka hakuweza kumtambua mwanawe kati yao.

"Venance!"

"Naam, mama," waliitika wote kwa pamoja.

Akawaambia wasisahau kufunga mlango, akapanda, akarudi kuamia ndege.