Majibu Yasiyo Yake

"Bibi, nilikutajia maneno matano. Unayakumbuka?"

Mtafiti aliuliza huku ameinamia karatasi zake. Mbele yake alikaa mwanamke mzee, shingo kaikaza kama anayepigwa picha. Nyuma ya mtafiti, kwenye benchi la ukutani, alikaa mkamwana wa yule mzee, mjane wa mwanawe.

Mzee akamtupia jicho mkamwana. Mkamwana akajipangusa shavu.

"Uso," mzee akasema.

Mkamwana akasogeza mguu mbele.

"Kiatu."

Wakaenda hivyo hadi la tano, mtafiti asiinue kichwa.

Mkamwana hakuingia pale kwa nia ya kudanganya. Ndivyo walivyoishi. Mzee akiwa kwenye sala, akasahau rakaa, mkamwana hukohoa. Jina la jirani likimpotea mlangoni, mkamwana humtangulia: "Karibu, mama wa mapacha!" Kumsitiri mavyaa wake kulishakuwa kama kupumua, mikono ilijiendea yenyewe.

Mtafiti akamlaza mzee kitandani, akambandika kifaa kidogo shingoni na kingine juu ya paja, apime mdundo wa moyo unavyokimbia kutoka huku hadi kule. Akatazama skrini. Akakunja uso, akarudia.

"Vipi, binti?" mzee akauliza. "Au nimeshakufa mnanificha?"

"U hai, Bibi. Ila mishipa yako mikubwa imekakamaa. Mshipa mchanga hutanuka damu ikipita, ukapunguza kishindo. Wako haunyumbuki, kwa hiyo kishindo kinaweza kufika hadi kwenye vimshipa vya ubongo, vyembamba kama uzi. Tunachunguza kama hiyo ni njia mojawapo ya watu kuanza kusahau." Akageukia karatasi. "Lakini kumbukumbu yako safi. Sisi tunawafuatilia walioanza kusahau. Hao ndio wanaopigwa picha ya ubongo na kuonwa na daktari wetu. Wewe kaangalie presha tu kliniki, urudi nyumbani salama."

"Si niliwaambia!" Mzee akaketi kitako, uso umemchanua. "Wanaosema nimechanganyikiwa ndio wendawazimu. Lete viatu vyangu twende zetu."

Mkamwana akavileta. Asubuhi hiyo hiyo alikuta jikoni kunanuka, gesi imefunguliwa bila kuwashwa, na mzee kakaa sebuleni anavuta uradi. Kusema, nako, aliona bei yake. Binti wa kuzaliwa wa yule mzee alitamka mbele ya wageni kwamba mama anasahau, na hadi leo haruhusiwi kukanyaga nyumbani. Sasa yeye, mtoto wa watu, asiye na paa lingine?

Ya Rabi, nipe kauli, akaomba kimoyomoyo.

"Dada," akamwambia mtafiti, "futa hayo majibu. Ni yangu. Nilikuwa namwonyesha."

Mzee akaacha kiatu nusu. "Umesemaje?"

"Na gesi uliifungua leo, Mama, hukuiwasha. Niliifunga mimi."

"Kumbe na wewe." Sauti ilikuwa ndogo. "Umengoja mwanangu afukiwe ndipo univue nguo mbele za watu."

Neno lilimchoma mpaka ini. "Ukinifukuza nitakwenda. Ila upigwe picha kwanza."

Mtafiti, kalamu hewani, akasema taratibu, "Bibi, ni hiari yako. Tukirudia, ni kwa maneno mengine, na yeye awe nje."

Mzee akakivua kile kiatu.

"Atoke," akasema.

Mkamwana akasimama ukumbini, sikio mlangoni bila haya. Alisikia maneno mapya yakitajwa, kisha hesabu, kisha swali. Kisha hakusikia kitu.

"Bibi?"

"Subiri, binti. Nipo." Kiti kikalia. "Lipo moja... ndoo. Hayo mengine yamekwenda."

Mkamwana akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alijua kwamba Mola yu pamoja naye, na bado hilo halikumfariji.

Mlango ukafunguka. "Tumemwandikisha," mtafiti akasema. "Anatakiwa mtu anayeishi naye, awe anakuja naye kila mara. Nimemwambia achague."

"Kamchagua nani?"

"Nimchague nani mwingine, we kiherehere?" mzee akadakia kutoka ndani, macho mekundu. "Ingia umweleze yote ninayoyasahau. Mimi nitayajuaje?"