Jumamosi ya Mwisho ya Kocha Staudt

Verlin Staudt aliupata ukocha mkuu akiwa na miaka hamsini na sita, nywele zimekwisha na goti moja halikunjiki. Kabla ya hapo alikuwa kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi, katika vyuo tisa, toka Ohio hadi Wyoming. Kila mkubwa wake alipofukuzwa, naye alifukuzwa. Lorna, mkewe, alikuwa amefungasha vyombo mara tisa, na binti yao alikua bila rafiki wa utotoni.

Chuo kilichompa nafasi kilikuwa kidogo, katikati ya mashamba ya ngano ya Kansas. Timu yake ilikuwa kichekesho cha wilaya nzima.

"Miaka mitatu tu, Lorna," alisema. "Nipe mitatu, utaona."

Mwaka wa kwanza walishinda mechi mbili, wa pili tatu. Kiangazi kilichofuata, mrushaji mpira wake hodari alihamia chuo kikubwa, na walinzi wawili wakamfuata. Kufikia Novemba walikuwa wamefungwa mechi tisa mfululizo. Mkahawani, wakulima walimngoja na kahawa zao.

"Kocha, mke wangu anauliza: Jumamosi mnacheza, au mnahudhuria tu?"

Verlin alicheka nao. Kahawa yake aliiacha nusu, akaenda garini.

Alhamisi, mkurugenzi wa michezo, Bwana Pruett, alikuja mazoezini, mikono mifukoni.

"Kocha, una dakika?"

"Kama unanifukuza, sema hapahapa. Goti linaniuma."

Pruett alitazama nyasi. "Si wewe peke yako. Bodi imeifuta timu. Jumamosi ndiyo mwisho. Ila vijana wasiambiwe kwanza, tafadhali."

Verlin alikubali kwa kichwa, lakini moyo ulikataa. Jumamosi, katika chumba cha kubadilishia nguo, aliwaambia yote. Hakuna aliyelia. Orrin Teague, jitu la mwaka wa nne lililocheza miaka yote na bega bovu, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Sasa leo tunachezea nini, Kocha?"

Miaka thelathini na moja Verlin hakuwahi kukosa neno la kuwaambia vijana kabla ya mechi.

"Sijui, Orrin," alisema. "Kwa kweli sijui."

Walicheza kama watu wenye haraka ya kurudi nyumbani. Walifungwa pointi arobaini na moja kwa tatu. Mvua ya barafu ilianza, na jukwaani walibaki wazazi tu. Kipenga kilipolia, Orrin alipita mbele ya kocha wake bila kumpa mkono. Verlin alijiuliza: kama angenyamaza, je, wangekuwa na saa tatu zaidi za kuamini kitu?

Wiki zilizofuata alipiga simu akitafuta kazi. Vijana aliowafundisha kazi, ambao sasa walikuwa makocha wakuu, walisema watamtafuta. Hawakumtafuta. Mmoja tu, wa Dakota Kaskazini, alimpa nafasi ya kutazama video za timu pinzani na kuandika ripoti.

"Nenda," Lorna alimwambia, akikunja taulo mezani. "Mimi sifungashi tena."

"Ni mpaka nipate pazuri tu, mke wangu."

"Verlin, pazuri pako wapi? Una miaka hamsini na tisa." Hakupandisha sauti. "Wala sikasiriki. Nimechoka tu."

Alipakia mwenyewe, akaondoka Jumatatu asubuhi. Lorna alisimama barazani na koti begani, kisha akaingia ndani kabla gari halijakata kona.

Huko Dakota, kocha mkuu alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alimpeleka kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ukumbi wa mazoezi.

"Karibu, mzee wangu. Kompyuta unaiweza?"

"Kidogo."

"Basi anza na video hizi. Ripoti nazitaka Ijumaa."

Mlango ulifungwa. Verlin alivaa miwani, akaanza kutafuta kitufe cha kuwashia.