Biskuti Tofauti Kuliko Zote

Bakuli la njano lilikaa juu ya kabati la Verna miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo kila Jumamosi ya pili ya Desemba tulikwenda kwake kubadilishana biskuti za Krismasi. Tuko wanawake wanane. Kila mmoja anaoka dazeni nane: dazeni saba za kugawa, moja kwa kila mwenzake, na dazeni ya nane inawekwa mezani ionjwe.

Sheria ya bakuli iliwekwa zamani na mke wa mchungaji mmoja, mwenyeji wa Chicago. Alisema sahani itakayokwisha kwanza ndiyo itakayoshinda. Mwenye sahani hiyo atapewa bakuli, na mwakani wageni watakwenda nyumbani kwake. Ilikuwa sheria nzuri, ila yule mama hakukaa nasi sana, akahamishwa pamoja na mumewe kabla hajatujua. Hakujua kwamba katika mji wetu mtu hachukui kipande cha mwisho. Ikibaki biskuti moja sahanini, anayeitaka anaikata nusu. Anayefuata anaikata nusu ile nusu. Jioni ikikaribia, mezani kuna sahani nane, kila moja na chembe yake katikati, na sisi tumekaa tunasema tumeshiba. Hapo ndipo Verna anapoleta rula yake ya kushonea. Chembe ndogo kuliko zote ndiyo inashinda, na siku zote ni ya Verna, kwa sababu anaoka krumkake, zile biskuti za Kinorwe zilizosokotwa kama koni, nyembamba kama karatasi. Zinakatika vizuri.

Mkamwana wangu Raelynn alikuja kwetu Minnesota kutoka Georgia, kusini kabisa, baada ya kuolewa na mwanangu Dale. Mara ya kwanza nilipomchukua kwa Verna, alinyoosha mkono kwenye krumkake ya mwisho. Nikamshika kiganja chini ya kitambaa cha meza.

"Kuna nini, Mama?"

"Iache."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ni ya mwisho."

Akanitazama. "Kwetu ukiacha kipande cha mwisho umemwambia mpishi kwamba chakula chake kimekushinda."

"Na kwetu ni adabu."

"Adabu kwa nani, Mama? Kwa biskuti?"

Tukaiacha, wenzangu wakaikata nusu kwa nusu, na Verna akaipima.

Mwaka uliofuata Raelynn alioka mwenyewe. Alioka vijiti vya jibini kama mama yake anavyooka kila Krismasi: unga, siagi, jibini kali, na pilipili nyekundu ya kusaga. Havikuwa na sukari hata punje. Ni lazima niseme kwamba katika mji wetu kuna watu wanaoona kitunguu ni kiungo kikali. Wenzangu walivionja mmoja mmoja. LaVonne, ambaye sikio lake moja limekufa na la pili linasuasua, alikunywa maji bilauri mbili. Kisha Verna akapangusa midomo na kusema, "Aa. Hii ni tofauti."

"Kweli," wote wakaitikia. "Tofauti kabisa."

Raelynn aling'aa uso mzima. Njiani alimpigia mama yake simu nikiwa pembeni yake garini. "Wamesema ni tofauti, Mama. Wote. Wamesema tofauti kabisa."

Nikatazama theluji dirishani. Kwetu sisi, mtu akikuonyesha kofia mbaya unamwambia ni tofauti. Jirani akipaka nyumba yake rangi ya zambarau, ni tofauti. Ni neno tulilopewa ili tusiseme lile lingine. Ningemwambia siku ile ile yangekwisha. Lakini alikuwa na furaha, na mimi nikanyamaza, na ukimya ukikaa wiki moja unaota mizizi.

Katika wiki hiyo wenzangu walipita kwangu mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kopo lake. "Ardis, familia yako itavila," walisema. Wakaniachia vyote. Nikavijaza kwenye friza, na Januari yote, asubuhi, nilisimama kando ya sinki na kikombe cha kahawa nikivila viwili viwili, nikitazama ndege nje. Siku ya kwanza machozi yalinitoka. Siku ya pili pia, lakini nilirudi. Mwezi ulipokwisha nikajikuta nakwangua makombo ya kopo la mwisho kwa kidole kilicholowa mate. Na hilo nalo sikumwambia. Kwetu mtu hasemi kwamba amependa sana. Sifa kubwa tuliyo nayo ni "si mbaya." Marehemu Orvin aliniambia hivyo siku ya harusi yetu, akilitazama gauni langu, na nikalia kwa furaha.

Basi mwaka huu, mwezi wa Novemba, Raelynn alikaa jikoni kwangu akikunja taulo zangu bila kuombwa, kama anavyofanya kila akija. Akasema Dale ameitiwa kazi kusini, karibu na wazazi wake yeye Raelynn.

"Mtakwenda?"

"Tutaamua baada ya Krismasi." Akalainisha taulo iliyokwisha lainika. "Watu wa hapa ni wema, Mama. Wananiondolea theluji mlangoni kabla sijaamka. Ila sijui kama wananipenda. Hawasemi."

"Hawasemi," nikakubali.

"Angalau najua wanapenda vijiti vyangu. Mwaka huu nitaongeza pilipili."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia Verna nikamwambia kwamba mwaka huu bakuli peke yake halitoshi. Tuwe na tuzo nyingi, kila mtu apate yake. Nilikuwa na mpango: Raelynn apate tuzo yenye jina zuri, na pilipili isitajwe.

Tukakutana watatu, pamoja na LaVonne, jikoni kwa Verna. Zawadi hazikutusumbua. Tulikuwa na glavu za tanuri, kopo la jemu yangu ya rasiberi, na mwiko ambao LaVonne alishinda kwenye bahati nasibu ya kanisa na hakuutaka. Majina ndiyo yalitutoa jasho, kwa sababu hatukutaka kumsifu mtu kiasi cha kumwaibisha. Dada wawili wa Lindquist wakapewa "Biskuti Mbili Zinazofanana Kuliko Zote." LaVonne, ambaye huunguza kila mwaka, tulimpa "Biskuti Iliyoota Jua."

"Nani kapata jua?" akauliza LaVonne.

"Wewe," Verna akamwambia kwenye sikio linalosikia.

"Desemba hii?"

Tukafika kwa Raelynn. Nikasema tuandike "Biskuti Shujaa." Verna akasema shujaa inatisha kidogo. Nikasema "Biskuti ya Mbali." Akasema itamkumbusha kwao. Tukakaa na kalamu zetu. Mwisho nikasema nitafikiri, nitamletea jina siku yenyewe, na Verna akaniambia niache, kadi ataziandika yeye, maana mwandiko wake ni mzuri. Nami nikashukuru, na nikasahau kwamba mtu mwenye mwandiko mzuri hapendi kuacha kadi tupu.

Jumamosi ikafika. Raelynn alikuja na vijiti vyake katika sahani ya bluu, vyekundu kuliko mwaka jana. Wenzangu walionja kwa heshima: mmoja alikata kijiti nusu, wa pili akakata ile nusu, wa tatu akalamba ncha. Katika vijiti kumi na viwili vilibaki kumi na kimoja na kitu. Sahani nyingine zilikuwa zimefika kwenye chembe.

Verna akasimama na kadi zake. Akasoma dada wa Lindquist, wenzangu wakapiga makofi kwa vidole viwili. Akasoma LaVonne. Kisha akasoma, kwa sauti ya kanisani, "Biskuti Tofauti Kuliko Zote. Raelynn."

Nikajua mara moja ilivyokuwa. Kadi ilikuwa tupu, akaijaza kwa neno la kwanza la adabu lililomjia.

Raelynn alisimama. Macho yalimlowa. "Sikutegemea," alisema. "Mwaka jana mliposema ni tofauti, nilimpigia mama yangu. Nilimwambia hapa ndipo kwangu sasa."

LaVonne akamwinamia Verna, akanong'ona kama kiziwi anavyonong'ona, yaani mpaka jirani wa pili akasikia: "Maskini. Hakuna aliyemwambia tofauti maana yake nini?"

Raelynn hakumtazama LaVonne. Alinitazama mimi.

"Maana yake nini, Mama?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao tayari mdomoni, mtamu na wa mviringo. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimemlinda mtoto huyu asijue ukweli, na kumbe kunyamaza huko ndiko kulikomfanya asijue kama anapendwa.

"Maana yake hatujui kuvila," nikasema. "Tunasema tofauti tusipojua la kusema. Nilipaswa kukuambia mwaka jana. Nilikuonea haya, nikajionea haya na mimi."

"Kwa hiyo walivitupa."

"Hapana. Waliniletea mimi."

"Ukavitupa wewe."

"Nilivila," nikasema. "Dazeni saba. Januari nzima, kwa kahawa. Kopo la mwisho nililikwangua kwa kidole. Nimevipenda, Raelynn. Nimevipenda sana."

Kikombe cha mtu kiligonga kisahani chake. Nadhani wengine hawakuwahi kusikia maneno hayo yakisemwa chumbani mchana na watu wamevaa nguo za kanisani. Mkamwana wangu alikuwa ameshika kadi yake, na mkono mwingine umeshika mgongo wa kiti ambako koti lake lilikuwa limetundikwa. Sikujua atafanya nini. Basi nikafanya nililolijua. Nikavuta ile sahani ya bluu, nikachukua vijiti viwili, nikaanza kula.

Vilikuwa vikali kuliko vya mwaka jana. Pua yangu ikafunguka kama mlango wa ghala.

"Ardis analia," akasema LaVonne.

"Silii. Ni pilipili."

LaVonne akanitazama, akamtazama Raelynn, na uso wake wa kizee ukaiva kwa aibu. Akachukua viwili. Dada wa Lindquist wakachukua viwili viwili, wakatafuna kwa mpigo mmoja wakishikana mikono. Wengine wakachukua kimoja kimoja, na ile nusu iliyolambwa ikaondoka pia. Mmoja alikwenda kunywa maji bombani bila bilauri, akarudi kukimalizia. Raelynn alisimama tu akihesabu midomo yetu.

Kikabaki kijiti kimoja.

Tukasimama sote tukikitazama. Mazoea ni kitu kigumu. Verna alikuwa bado hajala. Alichukua kisu kidogo cha kukatia nusu, akakiweka juu ya kijiti, na nikaona anapima. Halafu macho yake yakapanda kwenye kabati, kwenye bakuli la njano lililokaa hapo miaka kumi na mmoja, ambalo hulipangusa vumbi kila Ijumaa na kulijaza machungwa ikikaribia Krismasi. Alijua sheria kuliko sisi wote.

Akakiweka kisu chini. Akachukua kile kijiti kizima, akakila mbele yetu, polepole, mpaka mwisho. Macho yalimwiva. Hakuomba maji. Kisha akapanda kwenye kigoda, akashusha bakuli, akalitia mikononi mwa Raelynn.

"Sahani yako imekwisha," alisema kwa sauti iliyokwaruzika. "Ni ya kwanza tangu sheria iwekwe."

"Mimi sijaelewa," Raelynn akasema. "Maana yake nini hili sasa?"

"Maana yake mwakani tunakuja kwako. Jumamosi ya pili. Watu saba."

Raelynn alilitazama bakuli. "Kwa hiyo lazima niwepo."

"Ndiyo sheria," akasema Verna, akaanza kukunja kitambaa cha meza ambacho bado kilikuwa na sahani juu yake.

Raelynn akafuta uso kwa kiganja. Akaniuliza kama sahani za wengine nazo zingepimwa kwa rula. Nikamwambia hapana, mshindi amepatikana. Basi akaizunguka meza, akala chembe ya kila sahani, moja baada ya moja, ile ya LaVonne iliyoungua, zile mbili zinazofanana, na ya mwisho ile ya krumkake ambayo hata kuiona ilikuwa kazi. Aliibandika kwenye ncha ya kidole. Verna aliitazama sahani yake tupu muda mrefu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona maua yaliyochorwa katikati yake siku ya wageni.

Tulipokuwa tunavaa viatu vya theluji mlangoni, Raelynn alimgeukia. "Verna, niambie kweli. Vilikuwaje?"

Verna akafikiri. "Si mbaya," alisema.

Uso wa mkamwana wangu ukaanza kunywea. Nikamshika kiganja, kama ule mwaka wa kwanza, lakini safari hii si chini ya kitambaa cha meza, bali watu wakiona, nikamweleza habari ya Orvin na gauni langu.

Garini alimpigia mama yake, bakuli likiwa mapajani. "Nimepewa bakuli, Mama. Na Verna amesema vijiti vyetu si vibaya."

Sauti ya yule mama wa Georgia ikasikika, ya chini na ya adabu sana, ikiuliza huyo Verna anakaa wapi hasa, na kama ana simu.

"Hapana, Mama, sikiliza," Raelynn akasema, na alikuwa anacheka. "Ngoja nikufafanulie. Ni watu wa tofauti."