Nipo Tu

Upweke na mimi hatujawahi kukutana, hata kupishana njiani. Niweke kwenye foleni ya benki: kabla sijafika dirishani nitakuwa nimeshamchekesha mlinzi na nimealikwa harusi ya mdogo wake. Ndiyo maana nilipomaliza sekondari nikahamia kwa dada mjini kutafuta kazi, nilijua kabisa nani anakwenda kumsaidia nani. Yeye mgonjwa, mimi dawa.

Dada anasoma saikolojia, shahada ya uzamili, ile ya utafiti mtupu. Nyumbani wakisikia saikolojia wanakaa naye mbali kidogo, wasije wakasomwa. Shangazi alimwambia kwenye simu, "Haya mwanangu, niambie sasa hivi nawaza nini." Dada akasema hasomei hayo. Shangazi akauliza, "Sasa miaka yote hiyo umekwenda kusomea nini?"

Nilidhani atakuwa na darasa, na wenzake wa kugombania viti. Wapi! Kwenye shahada ya utafiti kuna wewe, kuna mada yako, na kuna msimamizi. Walianza watatu. Mmoja aliolewa akahama. Mwingine alipata kazi, siku hizi anatuma kidole gumba tu kwenye kundi lao la simu. Dada akabaki na meza yake idarani, mwisho wa korido, jirani na chumba cha mafagio. Siku niliyompelekea funguo alizosahau, mama mfagiaji alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kumuulizia."

Msimamizi ni mtu mwema, ila maneno anayatoa kama dawa ya macho. Dada anaandika barua pepe ndefu, anaifuta, anaiandika tena, anaituma. Jibu: "Nimeona." Hapo anakaa kuichambua hiyo "nimeona" mpaka chai inapoa.

Na mada yenyewe, jamani? Upweke wa watu wanaoishi nyumba za kupanga. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Si ujihoji mwenyewe, umalize?"

Hakucheka.

Dodoso lake lilitoka kwenye Kiingereza. Utaratibu wao ni kwamba mmoja analileta kwenye Kiswahili, kisha mwingine ambaye hajaliona la kwanza analirudisha kwenye Kiingereza, ionekane kama maana imefika salama. Dada alileta, mimi nikapewa kazi ya kurudisha. Lakini hakuwa na subira. Nikiwa bado mezani na kamusi, yeye akatoka nalo mpaka kwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili. Mume wa Mama Pacha anafanya kazi mbali, na hao pacha wenyewe wameshaoa huko huko waliko.

"Mama Pacha," nilimsikia dada akisoma kwa sauti ya ofisini, "ni mara ngapi unajihisi umeachwa?"

Ndoo ilitua sakafuni. "Nani amekwambia nimeachwa?"

"Hapana mama, ni swali tu la..."

"Mume wangu kapiga simu jana! Kama kuna mtu humu anapita akisema nimepewa talaka, mtaje hapa hapa!"

Na mimi mezani nilikuwa nimefika sentensi hiyo hiyo. Nilikuwa nimeirudisha kwa Kiingereza kilichonyooka: mtu kapewa talaka.

Dada akaandika "mpweke" badala ya "umeachwa". Ikawa mbaya zaidi, maana safari hii hakuna aliyekasirika. Ni mara ngapi unajihisi mpweke? "Hata siku moja," alisema fundi viatu wa chini, ambaye anaagana na kufuli lake kila asubuhi. "Hata siku moja," alisema mzee wa ghorofani, "nina redio." Jengo zima likakana. Msimamizi akaandika, safari hii sentensi nzima: kama kwenye jaribio linalofuata watu wataendelea kukana, mada hii iachwe, dada aanze upya. Kuanza upya maana yake mwaka mzima umeliwa, na dada anarudi kwenye meza ya korido bila hata yale maswali yaliyokuwa yanamwekea kampani.

Jioni hiyo alikula amesimama, sahani juu ya kompyuta. Nilirusha mzaha, nikarusha wa pili. Ilikuwa kama kutupa mawe kisimani usisikie maji. Nikampisha, nikatoka nje. Niliporudi alikuwa anaongea na mama, simu iko kwenye spika.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nipo tu, mama."

"Na masomo?"

"Yapo tu."

Alipokata nikamchokoza. "Profesa, mama kakuuliza hali, ukasema upo tu. Hilo kwenye dodoso lako linawekewa tiki wapi?"

Nilijikinga uso, nikingoja anirushie mto. Haukuja. Dada alikaa chini, akavuta karatasi, akakata neno "mpweke", akaandika polepole huku akipangusa pua kwa mkono wa blauzi.

Kesho yake Mama Pacha alikubali kuingia kwetu, kwa sharti kwamba talaka isitajwe. Alikaa kwenye kiti, dada kitandani, mimi nimeegemea mlango.

"Mama, watu wakikuuliza habari, ni mara ngapi unawajibu 'nipo tu'?"

Nilikuwa tayari kwa "hata siku moja". Mama Pacha alinyoosha gauni magotini.

"Hilo sasa," akasema. "Hilo ni kila siku, mwanangu. Hata nisipoulizwa."

Akaeleza. Ana meza ya watu wanne, anaifuta yote, halafu anakula kwenye kona yake. Dada aliandika bila kumkatiza. Mama Pacha alipomaliza akajifuta macho, akatafuta mtu wa kumgeuzia kibao, akanipata.

"Na huyu mdogo wako umemuuliza?"

"Mimi?" Nikacheka. "Niandikie hata siku moja, tena kwa herufi kubwa. Jana tu jioni nilikuwa hapo kwenye ngazi na simu, napiga soga na wenzangu wa shule mpaka sikio likapata moto."

Dada akaweka tiki.

"Jana jioni?" Mama Pacha akageuka na kiti. "Jana jioni simu yako ilikuwa kwangu."

"Ilikuwa..."

"Soketi yenu ina kompyuta ya dada yako, ukaniachia nikuchajie. Ilipojaa nikatoka kukuletea. Nikakusikia unacheka, 'Acha uongo wewe, njooni Jumamosi!' Nikachungulia. Umeweka kiganja sikioni." Sauti yake ikashuka. "Nikarudi ndani taratibu, mwanangu. Nikasema nisikukatize."

Nilitafuta mzaha. Mimi! Nilitafuta hata ule wa watoto wa chekechea, sikuupata. Dada alikuwa bado ameshikilia kalamu juu ya tiki yake.

"Jana," akaniuliza, "ulikuwa unaongea na nani?"