Kupima Laptop kwa Mkono

Kaka yangu Mukhisa amenunua mahindi Moi's Bridge kwa miaka ishirini na sita, na mikono yake inajua uzito kama mizani. Mpe gunia alinyanyue upande mmoja tu, atakwambia ni kilo ngapi, na akikosea atakosea kilo moja. Mpe hindi kavu, atalirusha na kulidaka, na likiwa jepesi atasema limeliwa na wadudu kabla hujaliona tundu. Ni mkubwa wangu, nampenda na kumheshimu. Lakini Jumamosi aliyokuja Kitale kununua laptop, mikono hiyohiyo nusura ituharibie kazi.

Laptop ilikuwa ya Joan, binti wa ndugu yetu mdogo, Tonny, aliyefariki Joan akiwa darasa la tatu. Mukhisa ndiye aliyemsomesha, na Joan humwita Baba. Mwaka huu msichana alipata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi Nairobi, diploma ya miaka mitatu. Nyumbani kwetu Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, ukoo, majirani na kanisa wakaunda kamati, wakachanga, na Mukhisa akawa mwenyekiti. Ikaamuliwa laptop ikabidhiwe Jumapili baada ya ibada, chini ya tenti, mbele ya watu wote. Mimi, Agneta, nikaambiwa nisaidie kuchagua, kwa kuwa ni karani katika ghala la mbegu hapa Kitale na nimezeesha laptop tatu kwa kazi hiyo.

Nilijua vizuri uzito wa kazi hiyo. Kamati kama hiyo haikai mara mbili kwa mtoto mmoja. Tukinunua vibaya, Joan angebaki na ubaya huo miaka mitatu, akiomba kutumia mashine za wenzake usiku wakishalala. Kwa hiyo niliamka siku hiyo nikiwa nimejifunga kibwebwe.

Walifika saa nne. Mukhisa alikuwa amevaa koti lake la mikutano, bahasha ya kamati iko mfuko wa ndani, na kila baada ya hatua kumi aliupapasa kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Joan alikuwa nyuma yake, kimya. Msichana huyo ana akili kali, lakini mbele ya Mukhisa hafungui mdomo. Si kwamba anamwogopa. Kwetu ukilelewa na mtu humbishii, na Joan alilichukulia jambo hilo kwa uzito kupita kiasi.

Niliwapeleka kwa Kiptanui, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini. Duka lake lina rafu mbili. Ya kushoto ina laptop mpya, na ya kulia ina zile tunazoita ex-UK, zilizotumika maofisini ng'ambo, zikaletwa huku na kukaguliwa.

"Karibuni. Mnatafuta ya kazi gani?" akauliza.

Nilimpenda palepale. Wengi huanza na kuuliza una pesa ngapi.

"Ni ya huyu msichana wa chuo," Mukhisa akasema. "Lakini iwe kubwa, bana. Watu wa nyuma kwa tenti lazima waione."

Kisha akaanza kazi yake. Alizinyanyua moja moja kwa kiganja, jicho moja limefumbwa, akizipandisha na kuzishusha taratibu. Nilipojua anachofanya, nilitamani ardhi inimeze.

"Hii haina kitu ndani," akasema, akairudisha. Akachukua nyingine. "Hii pia ni maganda." Alizipitia za kulia zote kwa dharau hiyo, akahamia kushoto, na hapo akakutana na jitu jipya la rangi ya fedha, kioo kipana kama sinia ya harusi, vitufe vinawaka taa nyekundu. Alipolinyanyua uso wake ukachangamka.

"Hii sasa ndio laptop! Shika, Agneta. Sikia vile imeshiba."

Sikuishika. Nilisoma karatasi iliyobandikwa pembeni. RAM ya gigabaiti nne, na prosesa ile dhaifu kabisa wanayoweka kwenye mashine za kuandikia barua na kutazama sinema. Taa zile nyekundu ndizo zilizokuwa zinauzwa.

"Baba Derrick," nikamwambia, kwa kuwa nikitaka anisikie namwita kwa jina la mtoto wake. "Joan hataandika barua. Atachora ramani. Programu ya ramani inakula nguvu, na hii haina."

"Itakosaje nguvu na ni nzito hivi?"

"Wewe mahindi yasiyokauka si ni mazito?"

Akalipandisha na kulishusha tena kwa kiganja.

"Mtu akikuletea gunia zito, unanunua kwa uzito tu? Si unachoma kwanza kile kipimo cha unyevu?"

"Lazima nipime. Hiyo mingine ni maji."

"Basi na hapa tupime. Hiyo mingine ni taa."

Kiptanui alikohoa ili asicheke. Mukhisa alijikuna shingo, akaliweka lile jitu mezani, lakini karibu na tumbo lake, mtu asije akalichukua.

Sasa nikachagua ya kwangu. Nilipita moja nyeusi yenye nguvu za kutosha kuendesha benki, maana bei yake ingemaliza bahasha na kuhitaji bahasha nyingine. Niliacha pia nyembamba mno iliyopendeza kwa macho tu, hata pa kuchomeka flash hapakuwapo. Nikatoa ex-UK moja ya ofisini, nyeusi, haina urembo wowote. Prosesa nzuri, RAM nane na nafasi ya kuongeza, uzito wa kilo moja na kidogo. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya lile jitu.

"Itoe kwa umeme," nikamwambia Kiptanui. Nikafungua mahali inapoonyesha afya ya betri. Ilikuwa imechoka, haifiki nusu. "Hii hapana. Leta dada yake."

Akaleta ya pili, betri asilimia tisini na moja. Sipendi kujisifu, lakini kwa mambo hayo huniuzii mbuzi kwenye gunia.

Hapo ndipo Joan alinivuta mkono wa sweta. "Senge," akanong'ona, maana shangazi kwetu ni senge, "niko na ramani kwa flash. Ya ile kazi nilisaidia wapimaji pale Bungoma. Ni nzito."

Kiptanui akaweka programu ya kuchora kwenye zote mbili, sisi tukanywa chai ya kibanda cha jirani tukingoja. Alipomaliza, Joan akachomeka flash kwenye lile jitu kwanza. Duara likaanza kuzunguka. Mukhisa akaangalia duara. Akaangalia saa. Akasalimiana na mtu barabarani, wakaulizana habari za mbolea, akarudi, duara bado linazunguka. Mwishowe ramani ikatokea nusu, na Joan alipojaribu kuisogeza, kioo kikaganda.

Ile ndogo ilifungua ramani kabla sijaweka kikombe chini. Mashamba, barabara, mto, namba za viwanja, vyote vikaonekana. Joan aliikuza na kuipunguza, vidole vyake vinakimbia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo niliyaona meno yake.

"Kumbe haka kadogo ni mbio hivi!" Mukhisa akashangaa. "Haya, nakubali. Na ni mpya?"

"Hapana mzee. Ni ex-UK," Kiptanui akajibu, kwa uaminifu wake.

Uso wa kaka yangu ukafungwa kama duka siku ya msiba.

"Mtumba? Ati nisimame mbele ya kanisa nipeane mtumba?"

"Lori lako si lilikuja limetumika?" nikamwuliza.

"Lori sikulipeana kanisani, Agneta. Watu wametoa pesa. Watasema nimenunua kitu imetumika na zingine nimekula."

"Kuna risiti!"

"Nani atasoma risiti akiwa kwa tenti? Kubwa. Mpya. Imeisha."

Akaingiza mkono kwenye koti kutoa bahasha. Damu ilinichemka, na mimi nikichemka mdomo unanitangulia.

"Sema ukweli basi! Unataka upigiwe makofi wewe. Mtoto ahangaike miaka mitatu ili wewe upigiwe makofi dakika mbili!"

Nilijuta maneno yakiwa bado hewani. Mtu aliyemlipia mtoto karo tangu darasa la tatu hasemwi hivyo, tena mbele ya mwenye duka. Mukhisa akafungua bahasha. Akaanza kuhesabu noti kwa hasira.

"Baba."

Ilikuwa sauti ya Joan. Mukhisa akainua kichwa.

"Hamjaniuliza," Joan akasema. "Wewe na Senge, nyinyi wote. Mnabishana tu."

Na hiyo ikanichoma na mimi, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshinda vita yote hiyo bila kumwuliza mwenye laptop hata neno moja.

Mukhisa akaweka noti mezani. "Haya. Nakuuliza."

Joan alikuwa ameficha mikono nyuma, nami niliyekuwa pembeni niliona jinsi alivyokuwa akivisokota vidole. Lakini sauti haikutikisika.

"Nataka hiyo ndogo. Kazi yangu ni ya kutembea, Baba. Nitabeba mashine ya kupima, nibebe fito, na laptop juu. Hiyo kubwa nitaiacha kwa hosteli, na kazi iko huko shambani. Kama imetumika, mimi sioni aibu."

"Na watu wakiuliza kama ni mpya?"

"Nitawaambia mimi mwenyewe."

Nilitaka kuongeza neno, na Mungu akanisaidia nikanyamaza. Kisha Mukhisa akamsukumia Kiptanui zile noti.

"Fungia msichana hiyo ndogo," akasema. Kwa chenji iliyobaki tuliongeza RAM ikawa kumi na sita, tukanunua na begi la mgongoni.

Jumapili tenti ilijaa. Mchungaji Festus aliomba maombi marefu ya baraka, mpaka harufu ya nyama ikaanza kuwavuruga waumini. Kisha Mukhisa akaitwa mbele. Alishika laptop kwa mikono miwili, akainyanyua.

"Inua juu! Hatuoni!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Si ameinua?" mwingine akajibu. "Ati hiyo ni kitabu ama ni nini?"

Kicheko kikazagaa tenti nzima. Niliona shingo ya kaka yangu ikiloa jasho, nikaumia kwa ajili yake. Joan akainuka, akaichukua maikrofoni mkononi mwa mchungaji kwa heshima.

"Ni laptop," akasema. "Si mpya. Imetumika, na ni mimi nilichagua, si Baba. Baba alitaka kuninunulia kubwa kuliko hii. Nilichagua ndogo ndio niweze kutembea nayo. Nikimaliza masomo nitaingia nayo boma kwa boma, nipime, kila mtu ajue mpaka wake uko wapi."

Makofi yalipigwa, tena si ya dakika mbili. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimevimba kichwa kabisa, nikijiambia kuwa ile kazi ni ya mkono wangu, wakati Roselyne aliposimama.

Roselyne ni mama yake Joan, mjane wa Tonny. Si mtu wa kusimama mbele ya watu. Shamba ambalo baba yetu aliwaachia Mukhisa na Tonny halijawahi kugawanywa. Tangu Tonny azikwe, Mukhisa hulilima lote, na kila msimu humpelekea Roselyne magunia yake. Hupeleka bila kukosa, hilo siwezi kumnyima. Lakini idadi ya magunia huipanga yeye, na pale Roselyne alipotaka kupanda miti yake, aliambiwa angoje. Sote kwenye ukoo tulijua. Mimi ninayejidai kusema lolote mbele ya yeyote, kwa jambo hilo nilikuwa bubu miaka kumi na moja.

"Mwanangu," Roselyne akasema, bila maikrofoni, na watu wakanyamaza ili wamsikie. "Ukimaliza, uanze na hapa kwetu. Na mimi nijue langu."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee walitazama viatu vyao. Joan alibaki na maikrofoni mkononi, hajui amtazame nani kati ya wazazi wake wawili. Nami niliogopa, kwa maana namjua Mukhisa, na najua jinsi anavyoweza kukasirika.

Mukhisa alisimama pale, ameikumbatia laptop kifuani. Alimtazama Roselyne, akamtazama Joan, akatazama chini. Alipoomba maikrofoni, Joan alimpa kwa mikono miwili.

"Kwa nini angoje mpaka amalize?" akasema. "Likizo ya kwanza tu, akuje na hii kitu yake, na mwalimu wake akuje pia aangalie. Kamba ya kupima nitashika mimi mwenyewe."

Akampa Joan laptop, akaenda kukaa. Roselyne alikuwa bado amesimama, ameziba mdomo kwa leso. Nilitoka kwenye kiti changu, nikapita katikati ya watu hadi kwake, nikamshika mkono na kumwomba msamaha kwa ububu wangu wa miaka yote hiyo.